Baridi ya Kusi na Uongo wa Barazani

Lamu nayo ina kipupwe chake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kusi hushika, upepo ukavuma usiku na mchana bila kupumzika, manyunyu yakapita na kurudi, na bahari ya nje ya miamba ikageuka rangi ya majivu. Wenye mashua huzipandisha pwani wakazikalafati, wakangoja. Wasioweza kungoja ni wanafunzi. Muhula wa pili hufungwa mwezi wa nane, kusi likiwa bado kali, na watoto wa Faza, Siyu, Kizingitini, Ndau, Kiwayu na Kiunga wanaosoma mbali na kwao hupanda boti kurudi makwao. Hapo ndipo injini huweza kuzima katikati ya lango, boti ikapinduka au ikatupwa mwambani, na vijana ambao ndevu hazijawaota wakajikuta peke yao na usiku.

Wengi huonekana asubuhi. Wengine hawaonekani. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, boti iliyobeba jamaa za mwanasiasa mmoja wa Lamu ilipigwa na mawimbi ikapinduka, wakafa watu wapatao kumi, wengi wao wa familia moja.

Habari za namna hiyo zikifika barazani, kahawa ikizunguka, hutolewa maneno ambayo yamekuwa kama kanuni. Yangekuwa porojo tu, ningeyaacha yapite. Lakini kijana aliyeng'ang'ania mkuku wa boti iliyopinduka hana mwalimu pale alipo. Ana maneno aliyoyasikia kwa wakubwa wake, na hayo ndiyo atakayoyafuata. Kwa hiyo nayajibu.

"Huku kwetu hakuna baridi ya kumuua mtu"

Dai hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa lina chembe ya ukweli. Bahari ya Lamu katika Julai na Agosti huwa na joto la nyuzi 25 au 26 hivi. Mgeni kutoka Ulaya akitia mguu husema ni maji ya kuogea. Lakini mwili wa binadamu una nyuzi 37, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa yenye joto lile lile. Mtu huweza kukaa kivulini siku nzima bila shati, hewa ikiwa nyuzi 25, asione lolote. Ndani ya maji ya nyuzi hizo hizo, kila saa inayopita huondoka na sehemu ya joto lake. Ni kweli kwamba huchukua saa nyingi, si dakika chache kama katika bahari za kaskazini mwa Ulaya. Ila usiku wa kusi nao una saa kumi na mbili.

Na kijana si mtu mzima. Mwili mdogo mwembamba hupoa upesi kuliko mwili mpana wenye mafuta, na wengi wa hawa wanafunzi ni wembamba. Aliyefanikiwa kupanda juu ya chombo kilichopinduka amefanya vyema, maana maji humpoza mtu kuliko upepo, lakini nguo zimemgandama na upepo haumwachi. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole hukataa kufunga, na kamba aliyoweza kuifunga jioni hawezi tena kuifungua alfajiri. Baadaye akili nayo huchelewa. Anajibu ovyo, anataka kulala, anataka kujiachia. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hali ya hatari kwa kipimo cha daktari yeyote, awe Lamu au Norway.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Usiku wa 30 Juni 2009, ndege ya shirika la Yemenia, safari namba 626 kutoka Sanaa, ilianguka baharini ikikaribia uwanja wa Hahaya kisiwani Ngazija. Ndani yake walikuwamo watu 153. Alipona mmoja: Bahia Bakari, binti wa miaka 12, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Komoro, aliyekuwa akisafiri na mama yake. Lilikuwa kusi hili hili letu, na usiku ule lilivuma kwa nguvu. Bahia hakuwa na jaketi la uokoaji na kuogelea hakukujua sana. Alishika kipande cha mabaki ya ndege akakishikilia kwa zaidi ya saa tisa, gizani na kisha juani, hadi chombo kiitwacho Sima Com 2 kilipomfikia. Wakamtupia boya. Hakuweza kulikamata, mawimbi yalikuwa makubwa na mikono ilikuwa imekwisha nguvu. Baharia mmoja akajitupa majini akamtoa. Hospitalini alikutwa na mifupa iliyovunjika, majeraha ya moto, na mwili uliopoa kupita kiasi. Haya yametokea katika Bahari ya Hindi, upande wetu, katika mwezi ambao sisi tunasema hakuna baridi.

Dai hili lina mtoto wake. Kijana akiletwa pwani anatetemeka, watu humvamia wakamsugua mikono na miguu kwa nguvu zote, au wakamsimamisha atembee ili damu ichemke. Nia ni njema, tendo ni la hatari. Damu iliyo kwenye viungo ni baridi kuliko ya kifuani. Ukiisukuma irudi ghafla, moyo uliochoka huweza kushindwa. Mgonjwa alazwe, avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe blanketi kuanzia kichwani, akingwe na upepo. Akiwa na fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kitu cha moto chenye sukari nyingi. Ndani ya Sima Com 2 walimpa Bahia maji ya moto yenye sukari, na hawakukosea. Wa kuogopewa kuliko wote ni yule aliyeacha kutetemeka ilhali mwili bado ni baridi. Watu husema huyu sasa ametulia, kumbe ndiye anayeondoka.

"Tufani haifiki ikweta, kwa hiyo kuna upepo tu"

Sehemu ya kwanza ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na vimbunga vya kitropiki huhitaji msokoto wa dunia ambao karibu na ikweta ni hafifu mno. Ndiyo maana habari za vimbunga huwa za Msumbiji na Madagaska. Hata hivyo kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na kabla mwezi huo haujaisha kingine, Ialy, kilipanda kaskazini sambamba na pwani yetu, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikatoa tahadhari.

Lakini boti ya abiria thelathini haingojei kimbunga. Idara hiyo hutangaza hatari upepo unapozidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanapopita mita mbili. Kusi hufika hapo bila jina lolote na bila kutajwa katika habari za dunia.

"Mtoto wa pwani huzaliwa anajua kuogelea"

Baadhi yao, ndiyo. Wavulana wanaoruka gatini kila jioni hapa Lamu mjini hawana haja ya mwalimu. Lakini boti ya kufunga shule haibebi wavulana wa gatini peke yao. Wamo ndani yake wasichana ambao hawajawahi kupita maji ya magoti, na wamo watoto wa Mpeketoni na Witu wanaosoma visiwani, ambao kwao ni mashamba. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliona hilo ukaanza kuwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa, wakivaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Picha za mafunzo hayo alizopiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Zanzibar imezungukwa na bahari pande zote na bado ilibidi wasichana wake wafundishwe. Sioni kwa nini kisiwa cha Pate kiwe na miujiza yake.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwamba kati ya watoto wa miaka 5 hadi 14 kuzama ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Ujirani na maji si elimu ya maji.

Tena, kuogelea kunakosifiwa barazani ni kwa mbio: nani atatangulia kufika Manda. Usiku wa kusi haumhitaji mwenye mbio. Unamhitaji anayejua kulala chali, uso juu, akavuta pumzi wimbi linapompandisha na kufunga mdomo linapomfunika, akakaa hivyo saa nzima bila kupigana. Hilo hufundishika kwa muda mfupi, hata kwa mtoto asiyejua kupiga mikono, na sijasikia shule inayolifundisha kabla ya kufunga muhula.

"Mwenye nguvu ataogelea hadi nchi kavu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu neno hili huua walio bora. Mvulana mwenye kifua, anayejiamini, anayewahurumia wenzake, ndiye anayesema: ningojeni, naenda kuleta watu.

Chombo cha mbao kisicho na farumi nzito hakiendi chini kikijaa maji. Hupinduka au hufurika hadi ukingoni kikabaki kinaelea. Boti nyingi za plastiki ngumu nazo hubaki zimeinua omo juu kwa hewa iliyonaswa ndani, japo injini inavuta tezi chini. Kitu hicho kinachoelea, hata kiwe kimeharibika vipi, ni kikubwa kuliko mtu. Anayetafuta kwa macho, akiwa ndani ya boti inayopanda na kushuka, huweza kukiona kutoka mbali. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ya mita mbili hapati kukiona hata akipita karibu yake, na jua likimpiga usoni ndiyo kabisa. Aliyeondoka kwenye chombo amejiondoa kwenye kitu kinachotafutwa.

Halafu kuna maji yenyewe. Tofauti ya kujaa na kupwa katika bamvua hapa kwetu hupita mita tatu, na maji yote hayo ya ghuba na mikoko hupita katika milango michache, myembamba. Yakitoka, hutoka na kila kitu, na mwogeleaji hodari wa mjini huogelea kwa bidii huku akirudi nyuma. Lango la Lamu limeelekea kusi lenyewe. Maji yakikupwa dhidi ya upepo huo, mawimbi husimama wima na kuvunjika mahali ambapo saa tatu kabla palikuwa shwari. Taa za Shela huonekana karibu mno usiku. Anayeziangalia kutoka majini hana kipimo cha umbali, na kila wimbi linalomfunika humrudisha mwanzo wa hesabu.

Na akiondoka mwenye nguvu, wanaobaki wamepoteza mikono yake. Kundi la vijana sita juu ya mkuku linaweza kuwashikilia wawili waliochoka. Likibaki na watatu, haliwezi. Kama chombo kimepotea kabisa, washikane mikono wawe duara, vifua vikitazamana, wadogo katikati. Aliye peke yake akunje magoti kifuani, abane mikono ubavuni, asipige miguu bila sababu. Nguo zisivuliwe, maana maji yaliyonaswa ndani yake huwa na joto kidogo kuliko yale yanayopita nje. Viatu vizito vitupwe, na buibui linalofunga miguu lifungwe kiunoni. Kila kinachoelea ni cha kushikwa. Jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko humwelesha mtu mzima bila shida, na sijui boti ya Lamu isiyo na majerikeni mawili matatu ya petroli. Likishakuwa tupu lisitupwe.

Bahia Bakari hakuelekea nchi kavu. Hakujua iko wapi. Alishika alichokishika.

"Vijana wakikwama peke yao watageukiana"

Wasemao hivi huwa wamesoma riwaya, au wamesikia kwa waliosoma. Mwezi Juni 1965 wavulana sita wa shule ya bweni ya St Andrew's, mjini Nukuʻalofa katika visiwa vya Tonga, walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa wakatoka baharini. Dhoruba ikawararulia tanga na kuvunja usukani. Wakapeperushwa kwa siku nane, wakikinga mvua katika vifuu vya nazi na kugawana funda asubuhi na funda jioni, mpaka wakatupwa kwenye kisiwa kitupu cha ʻAta. Walikaa huko miezi 15. Waligawana zamu za bustani, jiko na ulinzi. Walipogombana, waliogombana walitenganishwa hadi hasira zishuke. Mmoja alivunjika mguu; wenzake wakamfunga vijiti, ukaunga. Walichonga magogo kuhifadhi maji ya mvua, na moto waliouwasha hawakuuacha uzimike. Nahodha wa Australia, Peter Warner, aliwakuta wakiwa wazima mnamo Septemba 1966. Kwao walikuwa wameshafanyiwa mazishi.

Sidai kwamba kila kundi la vijana litakuwa hivyo. Nadai kwamba watoto waliozoea kuishi pamoja bwenini, kupika zamu kwa zamu na kugombania ndoo, wana mazoezi ambayo sisi wakubwa tunayadharau.

Kwa Lamu mkwamo hauwi wa miezi. Huwa wa usiku mmoja, pengine siku mbili, juu ya fungu au upande wa nje wa Kiwayu ambako hakuna mtu. Njaa haiui kwa siku mbili. Kiu na upepo ndivyo vya kushughulikiwa kwanza: kukaa nyuma ya chuguu la mchanga au kichaka, kuketi pamoja mgongo kwa mgongo, kukinga mvua kwa tanga au turubai. Watu wa Pate na Kiwayu wameishi karne kadhaa kwa majabia yanayokusanya maji ya mvua, kwa hiyo wazo la kukinga mvua si geni kwa mtoto wa huko. Kuna wanaosema funda dogo la maji ya bahari halidhuru. Linadhuru. Chumvi yake imezidi ile ambayo figo zinaweza kuitoa, hivyo mwili hutumia maji zaidi kuisafisha kuliko uliyokunywa.

"Wazee wetu walivuka hadi Arabuni bila majaketi wala simu"

Walivuka, na fahari hiyo ni yetu. Ila wanaoitaja husahau walivuka lini. Majahazi yalishuka na kaskazi, Desemba hadi Machi, yakapanda na kusi. Kusi gani? La mwanzo, Aprili na Mei, au la mwisho, mwishoni mwa Agosti na Septemba likishalegea. Juni na Julai bahari ilifungwa. Bandari za magharibi ya India zilikuwa hazifikiki, nahodha mwenye akili alikuwa bandarini, chombo kimelazwa ubavu, mafundi wakitia pamba na mafuta ya sifa, mabaharia wakioa. Ujasiri wa wazee ulikuwa ndani ya kalenda yao. Walijua kukaa.

Sisi tumerithi sifa bila kalenda. Injini ya farasi arobaini ilipofika ilituambia kwamba hakuna tena mwezi wa kungoja, na mfumo wa shule, ambao ulipangwa Nairobi kwa nchi nzima, ukaamua kwamba watoto wa visiwa vya Lamu watasafiri mwezi wa nane. Silaumu aliyepanga, nasema tu kwamba mzee wa Siyu wa mwaka 1900 angeulizwa, angetaja mwezi mwingine. Mkanda nao, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, ulikuwa ukiwalazimisha watu kungoja maji yajae. Kungoja huko kulikuwa na faida yake: nahodha alipata nafasi ya kutazama mawingu na kubadili nia.

Na chombo chenyewe kimebadilika. Jahazi liliundwa kwa bahari linayoisafiria. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe. Ilikuwa imeundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa ghuba iliyokingwa ya jimbo la Washington. Haikuundwa kwa mkondo wa Unguja katika Julai, na hakuna mzee aliyewahi kuvuka mkondo huo kwa chombo cha ghuba iliyokingwa kisha akajisifu.

Kuhusu majaketi: wazee hawakuwa nayo kwa sababu hayakuwapo. Wangekuwa nayo wangeyavaa, kama walivyoipokea dira. Siku hizi yapo, na sheria ya Kenya inayataka, lakini mara nyingi utayakuta yamerundikwa chini ya kiti, yamefungwa kwa kamba, kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine. Jaketi lisilovaliwa kabla ya ajali halivaliki ndani ya wimbi. Bahia hakuweza kushika boya lililotupwa karibu naye. Sembuse kufunga vishikizo.

"Siku hizi kuna simu"

Hadi ilowe, au chaji iishe, au mtandao ukatike unapopita vijiji vya mwisho kuelekea Kiunga. Filimbi ya plastiki iliyofungwa kwenye jaketi haina chaji ya kuisha, na sauti yake husikika mbali kuliko ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha. Simu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na izimwe hadi itakapohitajika. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

"Ajali haina kinga"

Hili ndilo dai gumu, kwa sababu limevaa kanzu ya dini, na anayelipinga huonekana anapinga kadari. Basi nianze na dini. Kila mtoto wa chuo hapa anaijua hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa afunge, kisha atawakali. Aliyekosa kufunga hana haki ya kuilaumu kadari ngamia akitoroka.

Mengi ya yanayoitwa kadari yana majina ya kibinadamu. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake, na hakikuwa mbali na ufuko. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, maiti zilizopatikana zilihesabiwa 203. Tume iliyochunguza, ilipotoa ripoti mwaka uliofuata, ikataja waliokufa na waliopotea kuwa 1,573. Pengo baina ya namba hizo mbili halikutokana na bahari. Orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda, ikabidi wafiwa waulizwe ni nani aliyekosekana.

Orodha ni jambo ambalo barazani halizungumzwi kabisa, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama kijana aliyekwama ataonekana. Kungoja juu ya mkuku kuna maana tu kama kuna mtu nchi kavu anayejua kwamba unangojwa. Kenya ina kituo cha uratibu wa uokoaji baharini mjini Mombasa tangu 2006, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, na tangu 2018 ina Walinzi wa Pwani. Manda Bay ina bandari ya meli kubwa ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na kila meli inayoingia hapo hutangaza mapema jina lake, shehena yake na saa ya kufika. Boti ya wanafunzi inayotoka Mokowe saa tisa alasiri kwenda Kizingitini haitangazi chochote. Mama wa Kizingitini akidhani mwanawe ameamua kulala Lamu kwa sababu ya upepo, na mwalimu akidhani ameshafika, hakuna atakayepiga simu kabla ya siku ya pili, na siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uhai ndani yake.

Waokoaji wa kwanza wa Lamu daima huwa wavuvi, walio karibu na wanaojua mkondo wa saa ile utakuwa umempeleka mtu wapi. Nao hawawezi kutoka bila kuambiwa. Kinachohitajika ni majina ya waliopanda, namba ya boti, saa iliyoondoka, saa inayotarajiwa, na mtu mmoja upande wa pili mwenye nakala, aliyekubaliana na wa kwanza kwamba saa fulani ikipita boti haijatia nanga, atawaamsha wenye mashua. Mwalimu wa zamu anaweza kuandika hayo gatini katika daftari la mazoezi. Sima Com 2 iliingia baharini asubuhi ile ya 2009 kwa sababu kule Hahaya walijua ndege gani ilikuwa inakuja, ilitarajiwa saa ngapi, na ilikuwa na watu wangapi ndani.